Nyumba za bei ya kupoa Kigoma: mnada, dalali au mwenye nyumba mwenyewe?

Bango la "Nyumba hii inauzwa" likipakwa ukutani Januari na likiwa bado linasomeka Septemba, soko limelala. Mabango hayo mtaa wa Mwanga yapo, Gungu yapo, Ujiji ndiyo usiseme. Bei Kigoma haishuki kwa tangazo. Hushuka mwenye nyumba anapochoka kupokea simu za watu wanaouliza "mwisho shilingi ngapi" halafu hawarudi. Mwenye fedha taslimu wakati huo ana nguvu kubwa, ila nyumba ya bei ya kutupa mara nyingi ina sababu ya kutupwa, na sababu hiyo humhamia mnunuzi pamoja na funguo.

Tunapima hapa njia tatu alizonazo mnunuzi wa Manispaa ya Kigoma/Ujiji: mnada wa nyumba iliyowekwa rehani, dalali wa mtaani, na kwenda kwa mwenye nyumba mwenyewe. Kipimo ni kimoja: jumla ya fedha zitakazokuwa zimekutoka siku jina lako linapoandikwa kwa Msajili wa Hati. Bei uliyotajiwa barazani ni mwanzo tu wa hesabu hiyo.

Bei hupoa lini

Fedha za mji huu hufuata ziwa. Wavuvi wa dagaa hutoka kipindi cha giza na kupumzika mbalamwezi ikiwa kali, kwa sababu dagaa huvutwa kwa taa. Kibirizi, mwalo wa dagaa, ukinyamaza, maduka ya Mwanga nayo husikia. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, miezi 3 mfululizo. Mwenye nyumba anayetegemea mtumbwi, kipe (chombo cha kuvulia dagaa) au biashara ya kuvuka kwenda Kongo na Burundi hukazwa zaidi miezi ya namna hiyo, na Januari humkaza tena kwa ada za shule.

Mnunuzi mwenye subira huanza kuuliza fedha zikiwa zinazunguka, ili ajue bei ya kawaida, kisha hurudi kupatana hali ikiwa ngumu. Na anapouliza bei ya kawaida, haulizi nyumba zinazouzwa. Anauliza nyumba 3 za mtaa huohuo zilizokwisha kuuzwa: ziliuzwa kwa ngapi, lini, na zilikuwa na hati au karatasi ya mtaa. Bei ya bango ni matumaini ya muuzaji. Bila nyumba 3 za kulinganisha huwezi kusema umepata punguzo, hata ukipunguziwa milioni 15.

Mnada wa nyumba ya rehani

Wengi wanaamini hapa ndipo penye bahati. Mnada una uzuri mmoja wa kweli: nyumba iliyowekwa rehani kwa kawaida ina hati, kwa hiyo mipaka na umiliki vilikwisha kukaguliwa na mkopeshaji. Kwa mji wenye viwanja vingi visivyopimwa, hilo si dogo.

Mengine yote yanataka hesabu. Sheria ya madalali wa minada inataka tangazo la umma la siku zisizopungua 14 kabla ya ardhi kunadiwa, litolewe kwenye mji mkuu wa wilaya na mahali penyewe pa mnada. Hesabu siku hizo mwenyewe, na piga picha tangazo likiwa limebandikwa, tarehe ionekane. Tangazo la siku 9 ni zawadi kwa wakili wa mdaiwa. Kabla ya hapo mdaiwa anapaswa kuwa amepewa notisi ya siku 60 ya kushindwa kulipa mkopo. Omba kuiona, pamoja na uthibitisho kwamba ilimfikia. Mkopeshaji asiye na la kuficha huionyesha.

Sharti la kawaida la mnada ni kulipa asilimia 25 palepale nyundo ikigongwa, na asilimia 75 ndani ya siku 14. Minada inayoendeshwa kwa amri ya mahakama hutoa hadi siku ya 15. Ukishinda kwa milioni 40, milioni 10 zinatoka siku ileile na milioni 30 ndani ya wiki 2; ukishindwa, ile ya kwanza hairudi. Mkopo wa nyumba hautoki ndani ya wiki 2, kwa hiyo anayetegemea benki imkopeshe baada ya kushinda asiinue mkono kabisa.

Kisha kuna jambo linalozima ndoto ya "nusu bei". Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ardhi ya 1999 kinamtaka mkopeshaji atafute bei nzuri inayopatikana. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba mkopeshaji amekiuka wajibu wake hadi athibitishe vinginevyo, na mdaiwa anaweza kwenda mahakamani kuomba mauzo yabatilishwe. Nyumba za jirani zikiwa zinauzwa milioni 60, mstari huo uko kwenye milioni 45. Ukinunua kwa 47 umepata nafuu nzuri na usingizi. Ukinunua kwa 32 umejinunulia kesi. Sheria inamlinda mnunuzi wa nia njema, ni kweli, lakini hukumu huja baada ya muda mrefu, na wakati wote huo mwenye nyumba wa zamani anaweza kuwa bado anaanika nguo uani kwako.

Na yumo kweli. Nyumba nyingi za mnada huuzwa zikiwa na watu ndani, na masharti ya mnada mara nyingi humwachia mnunuzi kazi ya kuwatoa. Mara nyingine aliyeko ndani hakukopa hata senti. Aliweka dhamana kwa ajili ya kaka au shemeji. Hutaruhusiwa kuingia kukagua, utaangalia kutoka barabarani. Kwa hiyo weka pembeni fedha ya ukarabati kana kwamba ndani ni pabovu kuliko nje, na ukishalipa dai kwa maandishi hati, nyaraka za kufuta rehani na cheti cha mauzo. Kwa mnada wa mahakama, subiri siku 30 za pingamizi zipite na mauzo yathibitishwe ndipo upeleke fundi.

Alama tunazoupa: 2 kati ya 5 kwa familia inayotafuta pa kulala, 4 kati ya 5 kwa mwenye fedha yote mkononi, wakili, na mahali pengine pa kuishi mwaka mzima.

Dalali wa mtaani

Dalali mzuri wa Kigoma anajua nyumba ambazo hazina bango. Anajua nani amehamishiwa Dodoma kikazi, nani anauza ili akatibiwe, nani ameshusha bei jana usiku. Kwa hilo analipwa, na anastahili. Kwa desturi muuzaji ndiye humlipa, kati ya asilimia 5 na 10, na hujadiliwa.

Tatizo ni cha juu. Mwenye nyumba anasema milioni 40, dalali anakutajia 48, na hizo 8 zinaishia njiani. Soko likilala cha juu huongezeka, kwa sababu dalali anafunga mauzo machache na kila moja linapaswa kumlisha miezi mingi zaidi. Dawa yake ni rahisi: toa ofa yako mbele ya mwenye nyumba, dalali akiwa ameketi hapohapo, na mkataba utaje malipo ya dalali kama fungu la peke yake. Dalali anayekataa kukukutanisha na mwenye nyumba hadi ulipe kishika nyumba hana nyumba, ana namba ya simu.

Hela ya kuzungushwa kwenda kuona nyumba ni ya usafiri tu. Ilipe, isiwe zaidi ya hapo. Na ukiona madalali 3 wanakupeleka nyumba moja kwa bei 3 tofauti, umefika kwenye nyumba iliyododa. Mwenye nyumba huyo ndiye wa kwenda kuzungumza naye.

Alama: 3 kati ya 5. Mtumie kutafuta, usimtumie kupatana.

Mwenye nyumba mwenyewe

Wakati soko limelala hii ndiyo njia tunayoipa 4 na nusu, na hiyo nusu iliyobaki inaliwa na makaratasi. Hapa unaingia ndani, unapanda darini, unaongea na jirani, unapatana kwa muda wako.

Anza na aina ya karatasi. Hati miliki ya miaka 33, 66 au 99: angalia tarehe ya kuanza, maana hati ya miaka 33 iliyoanza 1996 imebakiza muda mfupi, na bei inapaswa kulionyesha hilo. Barua ya toleo bila hati ina maana mchakato haukukamilika, na malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi huenda yamekaa humo. Karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa ni ushahidi kwamba watu walikubaliana mbele ya mwenyekiti; haimfanyi mtu kuwa mmiliki aliyesajiliwa. Nyumba yenye karatasi ya mtaa pekee usiilinganishe bei na yenye hati, hata zikiwa zimegusana kuta.

Kama kuna hati, fanya upekuzi rasmi Ofisi ya Ardhi ya Mkoa kwa namba ya hati, kiwanja na kitalu. Utaona jina la mmiliki, rehani na zuio lolote lililowekwa. Fanya mara mbili: kabla ya kutoa ofa, na tena asubuhi ya siku ya kulipa. Zuio linaweza kuingia katikati. Linganisha na kitambulisho cha NIDA herufi kwa herufi. Hati imeandikwa "Hamisi", kitambulisho kinasema "Khamis": kiapo cha majina kipatikane sasa, muuzaji akiwa bado ana njaa ya fedha, kwa sababu akishalipwa utamtafuta kwa tochi. Kumbuka pia kwamba asiye raia hamiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji kwa taratibu zake, na mji huu una majirani wengi wa ng'ambo ya ziwa wenye nyumba zilizoandikwa majina ya rafiki. Anayeuza awe ndiye aliyeandikwa.

Ridhaa ya mke au mume iwe ya maandishi, imesainiwa mbele ya wakili. Sheria ya Ndoa ya 1971 inailinda nyumba ya ndoa isiuzwe na mmoja bila mwenzake. Mwenye nyumba akiwa na wake wawili, chukua saini zote mbili, hata akikuapia kwamba mdogo anaishi Uvinza.

Ujiji inataka sura yake. Nyumba nyingi kule ni za babu, na ile "Nyumba hii haiuzwi" unayoiona ukutani imeandikwa na ndugu mmoja kumjibu ndugu mwingine. Mtu akikuuzia nyumba ya marehemu, swali la kwanza ni msimamizi wa mirathi yuko wapi na barua yake ya uteuzi iko wapi. Kwa mirathi ya Mahakama ya Mwanzo barua hiyo huitwa Fomu Namba 4, na ndani ya miezi 4 msimamizi anapaswa kuwasilisha orodha ya mali na madeni kwa Fomu Namba 5. Nenda mahakama iliyotoa, uliza jalada, soma kama nyumba hiyo imo kwenye orodha. Kisha omba muhtasari wa kikao cha ukoo wenye saini za warithi wote: walioko Ujiji, walioko Dar, na yule dada aliyeolewa Kalemie, Kongo, ambaye kila mtu anasema hana neno. Yeye ndiye atakayekuja na neno. Asipopatikana kwa saini, nyumba hiyo iache, bei iwe iwavyo.

Mteremko, korongo na ziwa

Kigoma ni mji wa vilima, na udongo wake ukikatwa hauna huruma. Simama upande wa bondeni wa nyumba uangalie msingi. Ukiona mawe ya msingi yako wazi, mvua inauchimba chini. Ufa wa mshazari unaoanzia pembe ya dirisha kwenda juu, mpana kiasi cha kupitisha sarafu, unasema upande mmoja wa nyumba unashuka. Ufa mwembamba wa lipu usikutishe.

Chukua ufunguo, kwaruza udongo uliounganisha matofali mahali ambapo lipu imebanduka. Mchanganyiko wa saruji utaacha alama nyeupe na ufunguo utateleza. Wa tope utamwagika kama unga wa ugoro mkononi. Nyumba ya matofali ya kuchoma iliyojengwa kwa tope inaweza kuishi miaka mingi ikiwa paa na mifereji ni mizima, ila usilipe bei ya saruji. Gonga fremu za milango chini, sentimita 10 kutoka sakafuni. Sauti ya uwazi ni mchwa, na ukiukuta huko panda darini uangalie kenchi.

Hesabu ya ukarabati iingie kwenye ofa yako kwa namba. Nyumba ya mita za mraba 100 za sakafu huwa na paa la kama mita za mraba 140. Bati la futi 10, ukitoa sehemu za kupishana, hufunika kama mita za mraba 2.1, ni mabati 67, mbali na misumari, kofia na papi zilizooza. Ukuta wa kuzuia udongo wa urefu wa mita 15, kimo mita 2 na unene wa wastani wa nusu mita unakula mita za ujazo 15 za mawe, yaani lori la mita za ujazo 4 lipande kilima mara 4. Usisahau matundu ya kutolea maji, la sivyo ukuta utasukumwa na masika ya kwanza. Muuzaji anayesikia "punguza kidogo" hukataa. Anayeonyeshwa mabati 67 kwenye karatasi huanza kuhesabu naye.

Kuhusu ufukwe tuko wazi: usinunue. Kuanzia 2020 Ziwa Tanganyika lilipanda na kuingia kwenye majengo ya kando kando, Kigoma, Bujumbura na Uvira. Maji yakishuka nyumba hizo hurudi sokoni kwa bei tamu, zimepakwa rangi mpya hadi usawa wa kiuno. Angalia nyuma ya milango na ndani ya choo, rangi mara nyingi haifiki huko, na mstari wa maji utauona. Isitoshe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Pima kwa futikamba, na kumbuka ziwa lenyewe husogea.

Korongo lipimwe mvua ikinyesha. Na kabla ya ofa yoyote uliza Idara ya Mipango Miji ya Manispaa kama kiwanja kimo kwenye njia ya barabara au ya reli ya kisasa ya Tabora–Kigoma, yenye kilomita 506. Nyumba yenye X (alama ya kubomolewa) iliyokwisha kuthaminiwa kwa fidia imeandikwa kwa jina la muuzaji kwenye daftari la fidia. Ukiinunua, yeye analipwa mara mbili.

Gharama za kuhamisha jina

Tuseme mmekubaliana milioni 45. Ushuru wa stempu ni asilimia 1, shilingi 450,000, ulipwe ndani ya siku 30 baada ya kusaini. Mkataba usio na stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi. Kodi ya faida ya mauzo ni ya muuzaji, lakini soko likilala utasikia "nataka hela yangu kamili, kodi juu yako." Usikubali kabla ya kuikokotoa. Kama alijenga kwa milioni 32 na ana vielelezo, faida ni 13, kodi ya asilimia 10 ni 1,300,000. Asipokuwa na vielelezo hutozwa asilimia 3 ya mauzo, 1,350,000. Na kama ameishi humo miaka 3 au zaidi na faida haizidi milioni 15, sheria inamsamehe. Wauzaji wengi hawalijui hili. Mkumbushe, halafu mgawane hiyo nafuu kwenye bei.

Kuandika mkatabani bei ya chini ili kodi ipungue ni kujiumiza. Thamani ya mthamini ikiwa juu, ndiyo itakayotumika, na siku mkikosana mahakama itaona milioni 25 ulizoandika, siyo 45 ulizotoa.

Nyaraka za uhamisho ni Fomu ya Ardhi namba 29, 30 na 35, taarifa ya uthamini, uthibitisho wa kodi ya ardhi na picha. Malipo halali ya serikali yote huja na namba ya malipo (control number). Asilimia inayodaiwa na mtaa kwa mkono haina.

Gawanya malipo, yote yapitie benki: asilimia 10 kwenye mkataba, 60 fomu zote za uhamisho na ridhaa zikiwa zimesainiwa na hati halisi iko kwa wakili wako, 30 jina likishabadilika. Muuzaji mwenye shida atalalamika juu ya ile 30. Mpe badala yake malipo ya haraka ya ile 60. Mara nyingi ndiyo anayoihitaji.

Siku ya kukabidhiana nunua umeme wa 10,000 kwa mita ya nyumba hiyo. Jina litakalotokea ni la mmiliki wa mita, na risiti itaonyesha kodi ya jengo iliyokatwa: 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ikikata 9,000, hakuna aliyenunua umeme kwa miezi 6, na nyumba iliyofungwa miezi 6 ikaguliwe upya bomba, choo na paa kabla hujapokea funguo. Bili ya maji ya KUWASA nayo ilipwe na ihamishwe jina siku hiyohiyo, na fungua koki ya juu kabisa ya nyumba saa 12 asubuhi uone kama maji yanapanda kilima.